KGSSHV Carbon, Blue Hawaii SE au SRM-T8000: amplifaya ipi inazitosha hedifoni za Stax?

Hedifoni za elektrostatiki kama Stax SR-009S au SR-X9000 hazichomekwi kwenye simu, wala kwenye amplifaya ya kawaida. Zinataka amplifaya yake maalumu, na hapo ndipo wanunuzi wengi hupoteza fedha. Matangazo yanasifia valvu (mirija ya kioo ya elektroniki) na urembo wa kasha, ilhali kazi inaamuliwa na vitu viwili visivyoonekana kwa nje: mkondo ambao saketi inaweza kuutoa volteji ikiwa juu, na uimara wa pawasaplai. Mengine yote ni ladha.

Tukipima kwa vigezo hivyo viwili, chaguo letu ni KGSSHV Carbon. Blue Hawaii SE inaifuata kwa karibu sana, na kwa masikio mengine inaipita. SRM-T8000 ya Stax wenyewe ni chombo kizuri kwa anayetaka boksi moja lenye dhamana ya kiwanda, ila si ile tungeichagua kwa SR-007, hedifoni nyingine ya Stax.

Hesabu kwanza, jina baadaye

Ndani ya kila kikombe cha hedifoni hizi kuna utando mwembamba wa plastiki wenye chaji ya volti 580, ambayo Stax huiita bayasi ya Pro. Utando huo umewambwa katikati ya sahani mbili zenye matundu, yaani stata. Amplifaya huzipa stata volteji zinazopingana: moja ikipanda, nyingine inashuka, na utando unavutwa upande mmoja huku ukisukumwa kutoka upande wa pili. Hakuna koili wala sumaku. Kwa amplifaya, hedifoni ni kapasita tu, yaani kihifadhi chaji: takriban pikofaradi 110 pamoja na waya kwa SR-009 na SR-X9000, na 94 kwa SR-007.

Kapasita hula mkondo mwingi zaidi kadiri sauti inavyokuwa nyembamba. Kwenye hezi 10,000, pikofaradi 110 ni sawa na kilo-omu 145. Kwenye hezi 20,000 ni kilo-omu 72. Ukitaka volti 300 rms (kipimo cha wastani wa wimbi) hapo juu, kilele chake ni volti 424, na mkondo unaohitajika unakaribia miliampea 6. Ni kweli kwamba muziki hauna nguvu kiasi hicho kwenye hezi 20,000, na hoja hiyo hutumika sana kutetea saketi dhaifu. Lakini hedifoni si mlaji pekee. Amplifaya nyingi za bei ya kati zina resista kwenye anodi ya kila valvu ya mwisho. Chukua resista ya kilo-omu 66: kila mguu, yaani njia inayolisha stata moja, ukipanda volti 240, resista hiyo inameza miliampea 3.6 peke yake, iwe ni besi, sauti ya mwimbaji au kayamba. Hicho ni zaidi ya kile hedifoni yenyewe inachohitaji kwenye hezi 10,000 kwa volteji ileile. Kwa hiyo zaidi ya nusu ya jasho la valvu linageuka joto, na kinachobaki kwa hedifoni hubadilika kadiri wimbi linavyopanda na kushuka. Upotoshaji unaanzia hapo.

Dawa yake ni kuondoa resista na kuweka chanzo cha mkondo usiobadilika. Anayemiliki amplifaya ya valvu yenye resista hizo anaweza kufanyiwa marekebisho haya na fundi mzuri kwa kutumia kidhibiti mkondo 10M90S cha IXYS, chenye uwezo wa volti 900, kikiunganishwa na transista ya DN2540. Hatujui marekebisho mengine yanayoleta tofauti kubwa namna hiyo kwa vipuri vichache hivyo.

Uzito wa suala la mkondo na kapasita unaonekana pia kwa Sennheiser. Kwenye HE 1 walihamishia hatua ya mwisho ya amplifaya ndani ya vikombe vya hedifoni, ili waya usile mkondo njiani. Anayetumia waya wa kurefushia wa Stax, au kuchomeka hedifoni mbili kwa pamoja, ajue kwamba anaongeza mzigo uleule ambao wengine wanahangaika kuupunguza.

SRM-T8000

Stax wanatoa takwimu safi: ongezeko la desibeli 60, volti 470 rms kwenye hezi 1,000, matumizi ya umeme wati 95. Mbele kuna valvu mbili za 6922, mwisho kuna transista za daraja A, yaani zinazopitisha mkondo muda wote. Kwa SR-009, ambayo hutoa desibeli 101 kwa volti 100, volti 400 tu zinafika desibeli 113. Kwa hiyo sauti haitapungua kamwe. Inapiga kwa utulivu, sauti nyembamba zina hewa, na waimbaji wanakaa mahali pao. Tunachokikosa ni uzito wa besi pale ngoma nyingi zinapogongana, hasa kwenye SR-007, ambayo siku zote imekuwa ngumu kuisukuma kuliko ndugu zake.

Kitu kimoja kinawasumbua wengi na si ubovu. Desibeli 60 maana yake ni kuzidisha mara 1,000. DAC (kifaa kinachogeuza muziki wa dijitali kuwa signali) ya kawaida inatoa volti 2, kwa hiyo kilele cha amplifaya kinafikiwa signali ikiwa chini ya robo ya uwezo wa DAC. Kitufe cha sauti kinaishia kutumika kwenye sehemu yake ya chini kabisa, na hapo potenshometa nyingi hazilingani kushoto na kulia: mwimbaji anasogea upande mmoja. Kabla ya kuilaumu amplifaya, punguza kwanza signali kwenye DAC kwa desibeli 10 hivi, au tumia RCA badala ya XLR iwapo XLR ya DAC yako inatoa volti 4. Ushauri huu unaifaa amplifaya yoyote yenye ongezeko kubwa namna hii.

Ndugu zake wadogo, SRM-700S na SRM-700T, wanatofautiana kuliko majina yanavyoonyesha: S ya transista inafika volti 450, T ya valvu inaishia 340. Bajeti ikiishia hapo, chukua S.

Blue Hawaii SE

Mchoro wa Blue Hawaii ni wa Kevin Gilmore wa Marekani, na toleo la SE linajengwa na HeadAmp hukohuko Marekani. Ni makasha mawili, moja la pawasaplai na moja la amplifaya, yenye valvu nne za EL34 na reli (njia za umeme kutoka pawasaplai) za volti 400 chanya na 400 hasi zilizodhibitiwa kikamilifu. Juu ya kila valvu kuna chanzo cha mkondo cha transista badala ya resista, kwa hiyo tatizo lililoelezwa hapo juu halipo.

Sauti yake ina mwili. Udi na kanuni, zile ala za nyuzi za taarabu asilia, zinasikika zikiwa na mbao na nyuzi pamoja, si nyuzi tupu. Fidla nyingi zikiingia kwa mpigo hazigeuki ukungu. SR-009, ambayo kwenye amplifaya dhaifu huweza kuwa kali masikioni, hapa inatulia bila kupoteza ukali wake wa kuonyesha mambo. Kwa mwenye SR-009 tungemwambia anunue hii bila kusita.

Gharama yake nyingine ni joto. Filamenti za EL34 nne, volti 6.3 kwa ampea 1.5 kila moja, zinakula karibu wati 38 kabla hata muziki haujaanza. Ongeza mkondo wa daraja A kwenye volti 800, na una jiko dogo mezani. Chumba cha Dar es Salaam au Mombasa mwezi Februari kitahitaji feni, na kasha lisiwekwe ndani ya kabati. Uzuri ni kwamba EL34 bado zinatengenezwa, JJ ya Slovakia ni mfano mmoja; nunua nne zilizolinganishwa, na weka nne nyingine pembeni.

KGSSHV Carbon

Huu nao ni mchoro wa Gilmore, wa transista tupu. Mjölnir Audio ya Iceland huujenga kwa oda, na fundi anayejijengea mwenyewe anaweza kupata mchoro wake. Jina Carbon linatokana na MOSFET (aina ya transista) za silikoni kabaidi kwenye hatua ya mwisho, C2M1000170D, zenye uwezo wa volti 1,700. KGSSHV ya awali ilitegemea 2SC4686A ya Toshiba, transista nzuri ya volti 1,200 lakini ya miliampea 50 tu, na ambayo haitengenezwi tena. Silikoni kabaidi zimeruhusu kila mguu kukimbia kwenye miliampea 20 bila kuisogelea mipaka ya kifaa. Ile miliampea 6 ya hesabu yetu sasa ni chini ya theluthi.

Na inasikika. Besi inasimama na kuacha mara moja, kimya kati ya noti ni kimya kweli, na SR-007 inafunguka kwa namna ambayo T8000 haiifikii. Anayependa ule utamu wa valvu ataiona kavu kidogo mwanzoni. Kwetu sisi huo ni ukweli wa rekodi, na rekodi mbaya zitajulikana kuwa mbaya.

Kuijenga mwenyewe

Kabla ya yote: reli mbili za Carbon, chanya na hasi, zina volti 800 kati yake. Hii si kazi ya kujifunzia kulehemu. Asiyewahi kujenga angalau amplifaya moja ya valvu ikafanya kazi, aagize iliyotengenezwa tayari.

Anza na pawasaplai, na usiiunganishe na bodi za amplifaya mpaka imethibitika. Transfoma yenye sekondari za volti 350 hutoa takriban volti 495 baada ya daraja la dayodi na kapasita. Kapasita ya volti 450 haifai hapo; weka mbili za volti 350 kwa mfululizo, kila moja na resista ya kilo-omu 220 sambamba nayo ili zigawane volteji sawasawa. Ukitumia mikrofaradi 680, kila reli inahifadhi zaidi ya jouli 40. Resista hizo za kilo-omu 220 pia huimwaga chaji, lakini polepole mno: inachukua dakika kumi hivi kushuka chini ya volti 10. Usizitegemee. Tumia resista ya waya ya kilo-omu 10, wati 25, yenye vishikio vilivyofunikwa, ishikilie nusu dakika kwa kila reli, kisha pima. Mkono mmoja mfukoni.

Hapa umeme wa kwetu una neno. Mchoro uliopigwa hesabu kwa volti 230 unaweza kukuta volti 190 jioni mtaa mzima ukipika. Zile 495 zinashuka hadi 409, na mzigo ukizivuta kidogo tu kidhibiti kinakosa nafasi ya kudhibiti: mvumo unaingia kwenye muziki. Mchana, volti zikifika 253, volteji ghafi, ile ya kabla ya kidhibiti, inapanda hadi 544, na kwa mkondo wa miliampea 80 transista ya kidhibiti inabeba wati 11.5 badala ya wati 7.6. Kwa hiyo bati lake la kupozea lipangiwe hali mbaya, si ya katikati, na stabilaiza nzuri inunuliwe mapema. Kenya, ambako kawaida ni volti 240, agiza transfoma yenye tepu ya 240.

Jaribu kila reli kwa mzigo bandia wa kilo-omu 5: resista mbili za kilo-omu 10, wati 25, sambamba, zilizofungwa kwenye bati. Hapo utavuta miliampea 80, ambazo ndizo miguu minne ya Carbon itazitaka, hatua za mwanzo zikiongeza kidogo juu yake. Iache saa moja. Reli isiyumbe zaidi ya volti moja au mbili.

Kosa linaloharibu hedifoni kuliko yote linatokea kwenye kupima bayasi. Volti 580 zinapita kwenye resista kubwa ya ulinzi, kwa kawaida megaomu 4.7, kabla ya kufika soketi. Mita nyingi zina megaomu 10 ndani. Ukipima kwenye soketi, mita na resista hiyo vinagawana volteji, na utasoma karibu 395. Bayasi haijaharibika! Anayezungusha trimpoti (resista ndogo ya kurekebishia) mpaka mita ionyeshe 580 atakuwa ameupeleka utando kwenye volti 850 na zaidi. Pima kabla ya resista, upande wa saketi, kwa mita na nyaya za kiwango cha volti 1,000.

Kisha bodi za amplifaya. MOSFET za C2M zifungwe kwenye bati la kupozea kwa vipande vya seramiki ya alumina, si karatasi za silikoni. Kila mguu unatoa wati 16, yaani wati 64 kwa jumla, na seramiki nene inapunguza ukapasita kati ya transista na bati. Ukapasita huo ungekuwa mzigo ule uliokuwa unaukimbia. Ncha za bati zisiwe na kingo za chuma zilizochongoka. Pigia msasa matundu yote. Resista za kawaida za robo wati nyingi ni za volti 250. Kwenye njia ya mrejesho, ambako volti 400 zinapita, weka zenye kiwango kinachotosha au gawa kwa mbili mfululizo. Resista ikizidiwa volteji haiungui palepale. Inabadilika thamani taratibu, na baada ya miezi ofseti (volti inayobaki kwenye stata bila muziki) inaanza kutembea bila sababu inayoonekana.

JFET za kuingilia, yaani transista zinazopokea signali, ziwe LSK389 kutoka Linear Systems kupitia msambazaji halali. 2SK389 na 2SK170 za bei ya kutupa sokoni ni bandia kwa wingi, na zikiingia hapa ofseti haitulii kamwe.

Ukimaliza kulehemu, osha bodi kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 99 mpaka mabaki yote ya flaksi (dawa ya kulehemia) yatoke, kisha ikaushe vizuri. Pwani jambo hili si la usafi tu: flaksi ikinyonya unyevu wenye chumvi inapitisha mkondo mdogo kwenye volti 400, na mlio wake ni mchakacho unaokuja na kwenda kama mvua ya mbali.

Washa kwa mara ya kwanza kupitia variaki (transfoma ya kupandisha volti taratibu), panda polepole, bila hedifoni. Baada ya nusu saa, kasha likiwa limefungwa, pima kati ya stata chanya na hasi za kila upande, na kati ya kila stata na ardhi. Tafuta chini ya volti 5 kwenye zote mbili. Rekebisha trimpoti kwa bisibisi ya plastiki, subiri dakika kumi, rudia. Ofseti ya volti chache inayotembea kasha likipoa au kupata joto ni ya kawaida. Ikifika volti 20 kati ya stata, utando unavutwa upande mmoja. Tafuta tatizo kabla ya kuchomeka chochote. Hedifoni ya kwanza kuchomekwa iwe ya bei ndogo kama SR-L300, si SR-X9000.

Waya wa ethi (wa ardhi) ufungwe kwenye kasha kwa bolti yake peke yake, rangi ikiwa imekwanguliwa. Nyumba nyingi zina soketi ya pini tatu ambayo ile ya tatu haijaunganishwa na kitu. Hakikisha. Kukata ethi ili kuondoa mvumo, kwenye kasha lenye volti 800, ni kumtegea mtu kifo.

Kuhusu kununua mtumba

Mzigo kutoka Japani ni wa volti 100. T8000 ya huko itahitaji transfoma ya kushushia ya angalau VA 200, na gharama hiyo iingie kwenye hesabu kabla ya kufurahia bei. Tazama pia soketi. Ya matundu matano ni ya Pro, volti 580. Ya matundu sita ni ya zamani, volti 230. Hedifoni ya Pro ikichomekwa kwenye matundu sita itapiga kwa sauti ndogo bila madhara. Ya zamani yenye pini sita haiingii kwenye matundu matano, na anayeuza adapta ya kuilazimisha anauza hatari.

Hedifoni zenyewe zihifadhiwe ndani ya boksi linalofunga, pamoja na pakiti za silika jeli zilizokaushwa upya kila zinapobadilika rangi. Upande mmoja ukianza kupungua sauti msimu wa masika, acha hedifoni siku mbili kwenye boksi hilo kabla ya kuifungua amplifaya. Mara nyingi ni chaji inayovuja kwenye utando kwa sababu ya unyevu, na sauti hurudi yenyewe.